Dola moja ya kiingilio: klabu ya wakimbiaji ilivyoizaa marathoni ya New York

Jumapili ya tarehe 13 Septemba 1970, watu 127 walijipanga ndani ya Central Park, bustani kubwa ya katikati ya New York, kila mmoja akiwa ameshatoa kiingilio cha dola 1. Siku ilikuwa ya joto, si siku ya kumtakia mtu akimbie kilomita 42. Waliokuja kutazama walikuwa kama mia moja. Hakuna mtaa hata mmoja wa jiji uliofungwa kwa ajili yao. Walizunguka barabara za ndani ya bustani, mzunguko baada ya mzunguko, wakipishana na watu waliotoka kupunga upepo. Waliofika mwisho ni 55. Wa kwanza, Gary Muhrcke, alikuwa zimamoto aliyetoka zamu ya usiku, na alimaliza kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 38. Washindi walipewa saa za mkononi za bei nafuu na vikombe vilivyobaki kutoka michezo mingine. Bajeti ya siku nzima ilikuwa kama dola 1,000.

Mwaka 2019 mbio hizo hizo zilimalizwa na watu 53,627.

Naandika kisa hiki kwa sababu klabu yetu ya joging hapa Tanga imeamua kuandaa marathoni ya watu wote, na kikao cha kwanza kilichukua saa mbili na nusu kujadili rangi ya fulana na nani wa kuombwa udhamini. Niliponyoosha mkono kuuliza nani atapima njia, mwenyekiti alisema kuna kijana ana saa yenye GPS. Sikumlaumu. Kila mtu huanzia pale. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule nilirudia kusoma habari za wale wa New York, ambazo nimezifuatilia kwa miaka mingi, nikaona heri niziweke mahali pamoja ili tuzijadili tukiwa na kitu mkononi. Ninavyokiona kisa hiki, ukubwa wa mbio zile ulitokana na kazi ya klabu ambayo haipigwi picha: kupima, kuhesabu na kumsubiri wa mwisho. Fedha na kelele vilikuja baadaye, vikakuta kazi hiyo imeshafanyika.

Mtu aliyepima barabara

Klabu yenyewe, New York Road Runners kama inavyoitwa leo, ilianza mwaka 1958. Rais wake wa kwanza alikuwa Ted Corbitt. Alizaliwa mwaka 1919 huko South Carolina, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa, na kazi yake ya kila siku ilikuwa tiba ya viungo. Mwaka 1952 alikwenda Olimpiki ya Helsinki, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuikimbilia nchi yake marathoni ya Olimpiki. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, na mbio alizozipenda ni zile ambazo wengine wangepanda basi.

Jambo lililomsumbua Corbitt ni dogo ukilitazama harakaharaka. Barabara za mbio hazikuwa zimepimwa. Mtu alipanda gari, akatazama mita ya kwenye dashibodi, akasema hapa ni kilomita 42, basi. Njia moja ikawa fupi kwa kilomita nzima, nyingine ikazidi. Mkimbiaji akijisifu kwamba amekimbia kwa saa 2 na dakika 20, hakuna aliyejua amekimbia umbali gani. Mwaka 1964 Corbitt alitoa kijitabu cha namna ya kupima njia za mbio za barabarani, akijenga juu ya kazi iliyofanywa Uingereza na John Jewell miaka michache kabla. Njia aliyoipigia debe ndiyo inayotumika mpaka leo kote duniani kwenye mbio zinazotaka wakati wake utambulike, na chombo chake kikuu ni baiskeli.

Nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo tutakayoifanya sisi.

Unatafuta kipande cha barabara kilichonyooka na tambarare, mita 300 au zaidi. Unakipima kwa futi ya chuma, ile wanayotumia wapima ardhi, wala si ya kitambaa inayovutika. Unaweka msumari mwanzo na mwisho. Kisha unapanda baiskeli yenye kihesabio kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, unakipita kipande kile mara nne, ukiandika kila mara kihesabio kimesoma ngapi. Sasa unajua gurudumu lako, na mpira wake, na upepo uliomo, na uzito wa mwili wako juu yake, vinatoa hesabu ngapi kwa kilomita moja. Ukitoka hapo ndipo unakwenda kuipima njia yenyewe. Ukimaliza unarudi kwenye kile kipande na kukipita tena mara nne, kwa sababu mpira uliopimwa alfajiri si mpira ule ule saa nne asubuhi: jua likiupasha, hewa ya ndani inatanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na hesabu zinapungua kwa umbali ule ule.

Na njia yenyewe unaipima kwa ule mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita kihalali. Kwenye kona unapita sentimita 30 kutoka ukingoni. Kwenye barabara inayojipinda unakata moja kwa moja kutoka upande hadi upande, kama mkimbiaji mjanja atakavyofanya. Juu ya hayo yote unaongeza moja kwa elfu ya umbali, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, ili hata ukikosea kidogo njia isiwe fupi. Mkimbiaji akilazimika kukimbia mita 42 za ziada hakuna haki yake iliyopotea. Akikimbia pungufu, wakati wake hauna thamani popote atakapoupeleka.

Saa ya GPS haifanyi haya. Inaandika mahali ulipopita wewe, si mstari mfupi uliopo, na inayumba ukipita chini ya miti au kando ya ghorofa. Wakimbiaji kumi wakivuka mstari pamoja, saa zao zinasoma kumi tofauti.

Nilishawahi kukimbia nusu marathoni moja, sitaitaja, ambayo karibu kila aliyemaliza alikuta saa yake inasoma kilomita 20 na kidogo. Vijana wawili wa klabu yetu walikuwa wamefanya mazoezi miezi mitano wakitafuta wakati wa kuwafikisha kwenye mashindano makubwa. Wakati waliupata siku ile, na haukuwasaidia kitu.

Kwa nini bustanini

Kabla ya Central Park klabu ilikuwa na marathoni yake huko Bronx, ikikimbiwa wakati wa baridi kwenye barabara zilizo wazi kwa magari. Watu walikuwa wachache na waliowajua ni wachache zaidi. Mwaka 1970 mmoja wa waliokimbia huko alikuwa Fred Lebow, mzaliwa wa Arad, Romania, aliyefika Marekani baada ya vita na kufanya kazi kwenye biashara ya nguo. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Hakuridhika na mahali. Yeye na Vincent Chiappetta, rais wa klabu wakati ule, wakaamua kuihamishia bustanini.

Uamuzi huo nauona ni wa busara kuliko unavyosifiwa. Barabara za Central Park zilikuwa zimeanza kufungwa kwa magari siku za mapumziko tangu katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo klabu haikuhitaji kuliomba jiji lisimame. Haikuhitaji askari wa kila kona. Ilichagua mahali ambapo watu wachache wa kujitolea wangeweza kuona kila mkimbiaji anapita, mara nne na zaidi, na kuhesabu. Aliyeishiwa nguvu hakuwa mbali na msaada. Mzunguko ni mbaya kwa anayetaka mandhari, na una mlima wake upande wa Harlem unaovunja magoti kila unapourudia, ila kwa klabu changa mzunguko ni rafiki: meza moja ya maji inahudumia watu mara nne.

Lebow mwenyewe alikimbia siku ile. Alimaliza wa 45 kati ya wale 55, kwa saa 4 na dakika 12. Nalitaja kwa makusudi. Mwandaaji alikuwa miongoni mwa wa mwisho, akapita kwenye meza za maji baada ya wenye kasi kuzimaliza, akafika mwisho wakati watu wameshaanza kuondoka. Sisi huku tuna mbio zinazoandaliwa na watu ambao hawajawahi kuvuka kilomita 10, na inaonekana. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto watatu, alimaliza nusu marathoni yake ya kwanza kwa saa 3 kasoro dakika chache. Alikuta lile geti la kumalizia limeshatolewa upepo, liko chini kama turubai, na kijana anayefunga kamba akamwambia medali zimeisha. Alikuwa amelipa kiingilio sawa na mshindi.

Dakika kumi za kukaa chini

Mwaka 1970 mwanamke alikuwa mmoja tu, Nina Kuscsik, na aliugua akaishia njiani. Miaka miwili baadaye walikuwapo sita. Chama kilichosimamia riadha Marekani wakati huo, AAU, kilikuwa kimewaruhusu wanawake kukimbia marathoni kwa sharti kwamba waanze peke yao, mbali na wanaume. Kwa hiyo tarehe 1 Oktoba 1972 walipangiwa kuanza dakika kumi kabla.

Mlio ulipolia, wale sita walikaa chini. Walikaa pale pale kwenye mstari, miguu imekunjwa, mabango mkononi. Moja liliikumbusha AAU kwamba huu ni mwaka 1972, iamke. Dakika kumi zikapita. Wanaume walipoanza, nao wakasimama wakaanza nao. Wasimamizi wakawaongezea dakika kumi kwenye muda wao, ndiyo maana ushindi wa Kuscsik wa siku ile umeandikwa saa 3, dakika 8 na sekunde 41, na ndani yake zimo dakika kumi za kukaa sakafuni. Kanuni ile haikudumu.

Klabu ingeweza kuwaondoa. Haikufanya hivyo. Mwaka huo huo ilikuwa imeshaandaa mbio za wanawake pekee ndani ya bustani ile ile, na wakajitokeza zaidi ya 70, wakati ambapo wengi waliamini mwili wa mwanamke hauwezi umbali. Katika klabu zetu za joging wanawake ni nusu ya mstari na pengine zaidi. Mchakamchaka wa alfajiri wao ndio wanaoupa sauti. Lakini angalia kamati za maandalizi. Angalia nani anaamua mbio zianze saa ngapi, vyoo viwe wapi, njia ipite kichochoro gani gizani.

1976: kutoka nje

Miaka sita marathoni ilibaki bustanini. Kisha likaja wazo ambalo halikutoka kwa Lebow, na ambalo Lebow hakulipenda mwanzoni. George Spitz, mkimbiaji wa mjini pale ambaye hakuchoka kubisha hodi kwenye ofisi za watu, alitaka mwaka 1976, Marekani inapotimiza miaka 200, mbio zipite kwenye wilaya zote tano za jiji: Staten Island, Brooklyn, Queens, Bronx na Manhattan. Alimpata Percy Sutton, rais wa wilaya ya Manhattan, akaliunga mkono. Familia ya Rudin, wenye majumba ya kupangisha, ikatoa dola 25,000.

Kumbuka hali ya jiji. Mwaka 1975 New York ilikuwa karibu kufilisika. Maelfu ya askari polisi walikuwa wamepunguzwa kazini. Ndiyo serikali ya jiji hiyo iliyoombwa sasa ifunge madaraja na kusimamisha magari ili watu wakimbie. Lebow aliogopa gharama na aliogopa fujo, na kwa mtu aliyejua mbio zinavyokwenda, hofu ile ilikuwa na akili ndani yake. Wazo kubwa la mtu asiyebeba meza za maji ni rahisi kutamka. Alichofanya baada ya kukubali ndicho kinachonivutia: aliacha kulipinga akalibeba kama la kwake, akawaita Frank Shorter, bingwa wa Olimpiki wa 1972, na Bill Rodgers, aliyeshinda Boston mwaka 1975, ili magazeti yaje. Yakaja.

Tarehe 24 Oktoba 1976 walijiandikisha watu 2,090. Wakaanzia Staten Island, wakavuka daraja la Verrazzano, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 1964 halina njia ya waendao kwa miguu. Fikiria: wakazi wa jiji lile walikuwa wanakanyaga daraja lao kwa mara ya kwanza. Wakashuka Brooklyn, wakapita mitaa ya wahamiaji wa kila namna, wakaingia Queens, wakavuka mto kwa daraja la Queensboro ambalo sakafu yake ya vyuma vya wavu ililazimu kutandikwa zulia ili miguu isiumie. Upande wa Manhattan walipitishwa kando ya mto, kwenye njia ya matembezi, na palikuwa na ngazi za kupanda na kushuka katikati ya marathoni. Bronx waliigusa tu: wakavuka daraja, wakazunguka nguzo, wakarudi.

Waliomaliza ni 1,549. Rodgers alishinda kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 10, Shorter akiwa nyuma yake kwa dakika 3 na sekunde 2. Miki Gorman aliwaongoza wanawake kwa 2:39:11. Rodgers alipofuata gari lake alikuta limevutwa na breakdauni kwa kuegeshwa vibaya, ikabidi watu wachangishane kulikomboa. Nyuma kabisa, baada ya saa nyingi, alifika Dick Traum, mwenye mguu mmoja wa bandia, mtu wa kwanza kujulikana kumaliza marathoni akiwa na mguu wa namna hiyo. Alikuwa ameruhusiwa kuanza mapema.

Ngazi, zulia, nguzo ya Bronx. Ukiviangalia utaona mbio za mwaka ule hazikuwa zimekamilika, na waandaaji walijua. Zilichokuwa nacho ni miaka sita ya watu waliozoea kuandika namba kwa penseli, kusimamia meza, kuokota vikombe, kumsubiri wa mwisho. Wazo la Spitz lilikuta mikono inayojua kazi. Klabu isiyo na miaka ile ingelibeba wazo lile lile, na zile dola 25,000, na ingezama nalo Brooklyn.

Lipo jambo jingine la siku ile na miaka iliyofuata ambalo nalipenda. Lebow alikulia katika familia ya Kiyahudi yenye kushika sana dini. Mbio zilipopita Williamsburg, mtaa wa Wayahudi wa namna hiyo, ambao hawakuwa na habari na riadha, yeye akiwa ndani ya gari la mbele aliwaita kwa Kiyidi, lugha yao ya nyumbani, kwamba wa kwanza wanakuja, watoke washangilie. Na wakatoka. Hakuwapelekea kipeperushi. Aliwaita kwa lugha ya nyumbani kwao.

Gharama ya kukua

Mwaka 1981 Alberto Salazar alimaliza New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13, ikatangazwa rekodi ya dunia. Siku hiyo hiyo Allison Roe wa New Zealand akatangaziwa ya wanawake. Miaka michache baadaye njia ilipimwa upya ikaonekana imepungua karibu mita 150. Rekodi zote mbili zikafutwa. Hii ni klabu ya Corbitt! Klabu iliyoifundisha nchi kupima, iliyokua mpaka mita 150 zikapotea kwenye kona za wilaya tano bila mtu kuziona. Sidhani palikuwa na hila. Njia ikiwa ndefu, yenye kona nyingi, yenye vizuizi vinavyosogezwa asubuhi yenyewe, mstari uliopimwa na mstari unaokimbiwa huachana kimyakimya.

Tanzania inahusika hapa kuliko wengi wanavyojua. Novemba 1989 Juma Ikangaa wetu, mwanajeshi mzaliwa wa Dodoma, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Njia ilikuwa imesharekebishwa. Kwa hiyo aliipita ile 2:08:13 ya kwenye njia fupi akiwa kwenye njia kamili, na rekodi yake ya mbio zile ilikaa mpaka mwaka 2001. Miaka miwili kabla yake Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda pale. Mwaka 1994 Tegla Loroupe akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika. Muda wa Ikangaa unasimama leo bila alama ya kuuliza pembeni yake, na unasimama kwa sababu kuna mtu alipanda baiskeli akaipima barabara vizuri.

Gharama ya pili ilikuja mwaka 2012. Kimbunga Sandy kilipiga tarehe 29 Oktoba. Marathoni ilikuwa ifanyike tarehe 4 Novemba. Staten Island, mahali zinapoanzia mbio, watu zaidi ya 20 walikuwa wamekufa, nyumba zimesombwa, umeme hakuna. Ndani ya Central Park majenereta yalikuwa yameshawekwa kwa ajili ya mahema ya mbio. Meya alishikilia kwamba zitafanyika, mpaka Ijumaa jioni, siku mbili kabla, zilipofutwa. Wakati huo wakimbiaji wa kutoka nchi za mbali walikuwa wameshatua.

Nimejaribu kuwaelewa waandaaji. Wanajua fedha zilizoingia, watu waliosafiri, jiji linalohitaji kuinuliwa moyo. Lakini mwaka 1970 mbio zile zilikuwa za watu ambao majirani zao waliwajua kwa sura. Ingekuwa klabu ile ndogo, mtu wa Staten Island angekuwa kwenye kikao, na angesema Jumanne asubuhi: nyumbani kwetu tunazika. Mbio zikishakuwa kubwa, yule jirani anabaki kuwa mtu unayepita mbele ya mlango wake. Jumapili ile wakimbiaji mamia, wengine na namba zao kifuani, walipanda kivuko kwenda Staten Island na mabegi ya nguo, betri na vyakula, wakayabeba mgongoni wakikimbia nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewapima wala kuwapa medali.

Sisi na Jumamosi hii

Lebow aliugua saratani ya ubongo. Novemba 1992 alikimbia kwa mara ya kwanza ile njia ya wilaya tano aliyoisimamia miaka yote, Grete Waitz aliyeishinda mara tisa akiwa kando yake hatua kwa hatua, wakamaliza kwa zaidi ya saa 5 na nusu. Alifariki Oktoba 1994. Corbitt aliishi mpaka Desemba 2007.

Kwenye kikao cha pili niliyasema haya, kwa ufupi kuliko hapa, nikapendekeza mambo ambayo baadhi ya wenzangu waliyapokea na mengine bado tunabishana. Nilipendekeza mwaka huu tusiombe kufungiwa barabara kuu. Tufanye mizunguko katika mitaa ya Raskazone, Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, tukianza na kilomita 10 na nusu marathoni. Hiyo 42 ingoje mpaka tumejifunza kuhesabu watu. Wenyeviti wa serikali za mitaa njia inakopita waitwe kikaoni kabla hatujachapisha tangazo, waseme kuna msiba wapi, ibada wapi, soko la asubuhi wapi. Maji ya wa mwisho yatengwe kwenye ndoo yenye kifuniko na mtu wa kuilinda. Na mwenzetu mmoja aliyemaliza kwa saa 3 mwaka ule asimamie mstari wa mwisho, awe na mamlaka ya kukataa geti lisishushwe.

Kuhusu mdhamini nilishindwa, barua zimeshapelekwa. Kuhusu baiskeli nilikubaliwa.

Jumamosi hii saa kumi na moja alfajiri tunakutana watu watano. Mpima ardhi mmoja, jirani wa mwanachama wetu, ameahidi kuja na futi ya chuma ya mita 50 na kuirudisha ofisini kabla ya Jumatatu. Kihesabio halisi hatuna bado; tutafunga kitambaa chekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, mmoja ataendesha polepole na wa pili atakwenda ubavuni akihesabu mizunguko kwa sauti, wa tatu akiandika kila mia. Katibu ameleta daftari la kurasa mia mbili. Kwenye jalada ameshaandika tarehe, na chini yake majina yetu matano kwa zamu za kuendesha; la kwanza ni la mama wa watoto watatu.